Mguu wa kulia unauma, nyonga dhaifu: kairopraktiki inasaidia wapi, mazoezi yanaanzia wapi?

Kocha_wa_Mbio_Dar

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mawazo ya wataalamu wa viungo na walimu wa mazoezi.

Mkimbiaji ni mwanamke wa miaka 36, mhasibu. Anakaa kwenye kiti saa 9 kwa siku na anakimbia km 28 hadi 35 kwa wiki, akijiandaa kwa km 21 za Kilimanjaro Marathon. Hii ni wiki ya 5 mguu wa kulia unamsumbua sehemu mbili. Kwanza ni upande wa nje wa goti: maumivu huanza kilomita ya 6 na huzidi akiteremka mlima. Pili ni ndani kabisa ya kalio, hasa akishakaa zaidi ya dakika 40. Hana ganzi, akikohoa haumii, usiku analala vizuri.

Alikwenda mara moja kliniki ya kairopraktiki (tiba ya kurekebisha uti wa mgongo na viungo kwa mikono). Akaambiwa mguu wa kulia ni mfupi kwa sm 1.5 na fupanyonga limejipinda. Akarekebishwa kiuno na nyonga, akapata nafuu ya siku mbili, kisha maumivu yakarudi yale yale. Sasa anatakiwa alipie ziara 24 kwa mkupuo.

Nilivyompima mimi: akichuchumaa kwa mguu mmoja, goti la kulia linaingia ndani na nyonga ya kushoto inashuka. Akilala ubavu na kuinua mguu ulionyooka, kulia anafika mara 9 na kuchoka, kushoto mara 21. Akilala ukingoni mwa meza na kukumbatia goti la kushoto, paja la kulia linabaki juu ya usawa wa meza.

Ninayotaka kujua: je, kurekebishwa viungo kuna faida hapa au twende moja kwa moja kwenye mazoezi? Huo mguu ni mfupi kweli? Na mazoezi yapangweje ili asipoteze msimu wote?

---

Fizio_Moshi

Kocha, vipimo vyako vimeshasema sehemu kubwa ya jibu. Ila kabla ya kuyaita haya "misuli isiyolingana" hakikisha kwanza mishipa ya fahamu ni mizima, kwa sababu diski ya kiuno nayo huumiza kalio na mguu.

Alale chali, uinue mguu wake ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, shuku mzizi wa mshipa wa fahamu. Akihisi tu nyama za nyuma ya paja zikivutika, hilo si tatizo. Halafu linganisha kulia na kushoto: atembee kwa visigino hatua 10, atembee kwa ncha za vidole hatua 10, ainue kidole gumba cha mguu huku wewe ukikikandamiza, kisha ainue kisigino kwa mguu mmoja mara 10. Kidole gumba dhaifu huelekeza kwenye mzizi wa L5 (wa pingili ya tano ya kiuno), na kisigino kisichoinuka huelekeza kwenye S1 (mzizi unaofuata chini yake). Kukiwa na upungufu wa nguvu wa wazi, acha kila kitu, aende kwa daktari kwanza.

Kama yote hayo ni safi, picha inayobaki ni hii. Msuli wa pembeni ya nyonga (gluteasi ya kati) ndio unaoshikilia fupanyonga lisianguke upande wa pili kila unaposimama kwa mguu mmoja, na kukimbia ni kusimama kwa mguu mmoja mara maelfu. Ukichoka, kazi yake inachukuliwa na wengine wawili. Wa kwanza ni ule msuli mdogo ulio mbele-pembeni, pale mfuko wa suruali ulipo, unaovuta utepe mgumu wa nje ya paja. Utepe huo unabana nje ya goti, hasa goti likiwa limekunjwa nyuzi kama 30, na hiyo ndiyo sababu mteremko unamwumiza zaidi kuliko tambarare. Wa pili ni pirifomisi, ulio ndani ya kalio, jirani kabisa na mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Kwa hiyo sehemu mbili zinazouma zinaweza kuwa na chanzo kimoja.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanahisi pirifomisi imekaza, wanaivuta na kuikanda kila siku, na kila siku inarudi. Imekaza kwa sababu inabeba mzigo usio wake. Msuli dhaifu uliolemewa huleta hisia ya kukaza sawa na msuli mfupi, lakini tiba zake ni tofauti. Ndiyo maana tunapima kwanza.

Daktari wa Kicheki Vladimir Janda aliwahi kuuchora mpangilio huu vizuri: mbele ya nyonga na nyuma ya kiuno kumekaza, tumbo na makalio yamelegea. Ni ramani nzuri ya kuanzia kwa mtu anayekaa saa 9, lakini usimwekee mtu ramani hiyo bila kumpima. Wako wanaokaa kutwa na nyonga zao ziko sawa.

Kuhusu hicho kipimo cha meza, kuna kosa moja la kuangalia. Akivuta goti la kushoto kupita kiasi, fupanyonga linazunguka nyuma na paja la kulia litainuka hata kama misuli ni mizima. Avute mpaka kiuno kigusane na meza tu, asizidishe hapo. Kisha angalia mambo matatu: paja likibaki juu, msuli wa ndani wa kunyanyua paja ni mfupi; goti likinyooka lenyewe badala ya kuning'inia karibu nyuzi 90, msuli wa mbele ya paja ndio unaovuta; paja likikimbilia nje, ni ule wa pembeni.

Sasa urefu wa mguu. Kuna ufupi wa mfupa na kuna ufupi wa kuonekana tu. Mtu akilazwa kifudifudi na visigino vikalinganishwa kwa macho, msuli wa kiuno uliokaza upande mmoja unatosha kuvuta fupanyonga juu na kuufanya mguu "mfupi". Akiamka na kutembea dakika 10, kipimo kinaweza kubadilika. Mfupa haubadiliki kwa dakika 10. Pima hivi: alale chali, tumia futi ya fundi cherehani kutoka kwenye nundu ya mfupa wa mbele ya nyonga mpaka nundu ya ndani ya kifundo cha mguu. Pima mara tatu kila upande na uchukue wastani, maana mkono ukiteleza kidogo tu tayari umeongeza nusu sentimita. Kisha asimame peku, weka viganja juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili, na uingize vibao vya mm 5 chini ya mguu unaodhaniwa mfupi mpaka viganja vyako vilingane. Unene wa vibao ndio tofauti unayoitafuta.

Tofauti ya chini ya sm 1 ni ya kawaida kabisa, watu wazima wengi wenye afya wanayo. Kisigino cha nyongeza kwenye kiatu kinafikiriwa ikizidi hapo na kukawa na dalili, na hata hivyo huanza na nusu ya tofauti. Ufupi wa kweli kwa kawaida una historia: paja au ugoko uliovunjika utotoni, polio, au ugonjwa wa nyonga wa utotoni. Muulize.

---

Uti_na_Nyonga (kairopraktiki, Mombasa)

Nakubaliana na Fizio_Moshi. Naongeza upande wa fani yangu, kwa sababu watu hupewa maelezo yasiyo sahihi kisha fani nzima inalaumiwa.

Tangu D. D. Palmer aanzishe kairopraktiki huko Davenport, Iowa, mwaka 1895, lugha ya "mfupa umetoka mahali pake, nimeurudisha" imeendelea kutumika. Kwa mgonjwa kama huyu lugha hiyo inapotosha. Kiungo kati ya kitokono (mfupa wa chini ya kiuno, katikati ya nyonga mbili) na mfupa wa nyonga husogea nyuzi chache mno, na kimefungwa na kano nene. Kingekuwa kimetoka, asingekimbia hata kilomita moja. Ule mlio unaosikika ni kipovu cha gesi kinachotokea ndani ya majimaji ya kiungo pande zake zinapoachana ghafla. Ndiyo maana kiungo hicho hakilii tena mpaka zipite kama dakika 20. Mlio si ushahidi kwamba kitu kimerudi mahali, na kutolia si ushahidi kwamba tiba imeshindwa.

Faida halisi ni ipi? Msukumo wa haraka wenye mwendo mfupi hupunguza maumivu, hulegeza misuli iliyokuwa ikijikaza kulinda kiungo, na huongeza mwendo wa nyonga na kiuno kwa saa kadhaa hadi siku chache. Nafuu ya siku mbili aliyoipata ndiyo hiyo. Ni dirisha la kufanyia mazoezi bila maumivu kumzuia. Asipolitumia, linafunga, na ziara inayofuata inaanza pale pale. Mwongozo wa NICE (taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba) wa mwaka 2016 kuhusu maumivu ya kiuno, yaliyoshuka mguuni na yasiyoshuka, unaruhusu tiba ya mikono iwe sehemu ya mpango wenye mazoezi, isisimame peke yake. Wataalamu wote tungepaswa kufanya kazi hivyo.

Ziara ya kwanza iliyo sawa huchukua dakika 40 hadi 60, na sehemu kubwa ni kuuliza na kupima. Kwa dalili za mkimbiaji huyu ningetarajia mambo haya: vipimo vya mishipa ya fahamu vilivyotajwa juu, mwendo wa nyonga kulia na kushoto, hasa kuzungusha paja ndani na nje, kukandamiza viungo vya kitokono kuona kama maumivu yale yale yanaamka, kuangalia kifundo cha mguu, maana kifundo kigumu kisichokunjika mbele hulazimisha goti kuingia ndani, na kumtazama akitembea. Halafu ndipo kurekebisha, kwa kawaida akiwa amelala ubavu, goti la juu limekunjwa. Asiyependa kusukumwa kwa haraka anaweza kufanyiwa kwa kabari laini chini ya nyonga au kwa meza yenye kipande kinachoshuka. Baadaye dakika 10 za kukandamiza vifundo (sehemu zilizokaza na kuuma) vya pirifomisi na ule msuli wa mfukoni, kila kifundo sekunde 30 hadi 60, na si kwa nguvu za kumtoa machozi. Mwisho afundishwe zoezi moja au mawili ya kufanya jioni hiyo hiyo. Maumivu ya misuli kwa saa 24 hadi 48 ni ya kawaida. Ganzi mpya au udhaifu mpya si wa kawaida.

Idadi ya ziara: mara 2 kwa wiki kwa wiki 2, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki 2 au 3. Kwenye ziara ya 4 pima upya. Kama kuchuchumaa kwa mguu mmoja, mwendo wa nyonga na kilomita ambayo maumivu yanaanzia havijabadilika kabisa, mpango si sahihi au jina la ugonjwa si sahihi. Mtu hawezi kujua siku ya kwanza kwamba unahitaji ziara 24. Mwambie asilipe mkupuo huo. Alipe ziara kwa ziara, na amwulize tabibu swali moja: "Utapima nini kujua kwamba napona, na lini?" Jibu likiwa "tutaona mgongo ukinyooka", atafute mwingine.

Aulize pia alisomea wapi na kwa muda gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataja mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200, ndani yake saa 1,000 za kutibu chini ya usimamizi. Karibu na sisi, fani hii hufundishwa chuo kikuu huko Afrika Kusini, Durban na Johannesburg. Kozi ya wikendi na video za kuvunja shingo mitandaoni hazimfanyi mtu tabibu.

Sasa niseme yasiyopaswa kuguswa kwa msukumo, kwa sababu kwetu Afrika Mashariki yapo na husahaulika. Maumivu ya kiuno yenye homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Pingili iliyoliwa na kifua kikuu ikisukumwa, mtu anaweza kupooza. Mwenye selimundu anayeumwa kinena au paja apigwe picha ya nyonga kwanza, maana kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu, na maumivu yake hufanana sana na ya misuli mwanzoni. Ongeza mifupa iliyodhoofika kwa umri au kwa dawa za steroidi za muda mrefu, saratani, dawa za kuzuia damu kuganda, na mfupa uliovunjika karibuni. Na ganzi sehemu za siri na za mwili zinazogusa kiti ukikaa, kushindwa kutoa mkojo au kutoujua unapotoka, ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, usiku huo huo.

---

Kocha_wa_Mbio_Dar

Ahsanteni sana. Nimempima leo kama mlivyoelekeza.

Mguu ulionyooka unafika nyuzi 80 pande zote, hakuna kinachoshuka chini ya goti. Visigino, vidole, kidole gumba, vyote sawa. Futi: kulia wastani sm 84.2, kushoto sm 84.6. Kwa vibao, kimoja cha mm 5 kinasawazisha kabisa. Hajawahi kuvunjika, hana selimundu, hana homa. Kifundo cha kulia kinakunjika kidogo kuliko cha kushoto: goti linagusa ukuta kidole gumba kikiwa sm 7 kutoka ukutani, kushoto sm 11.

Kwenye meza, baada ya kurekebisha kosa la kuvuta goti mno, paja la kulia bado liko juu kidogo na linakimbilia nje.

---

Fizio_Moshi

Basi ule ufupi wa sm 1.5 haupo. Tofauti ya mm 4 au 5 haihitaji kisigino cha kiatu wala ziara 24. Kifundo cha mguu ndicho ulichokiongeza chenye maana: tofauti ya sm 4 ni kubwa. Muulize kama aliwahi kuteguka mguu huo.

---

Nguvu_Kwanza_Arusha

Naingia kwenye mazoezi, Kocha, kwa kuwa hilo ndilo litakalochukua wiki nyingi. Natoa wiki 8. Wiki 2 au 3 za kwanza nguvu inayoongezeka ni ya ubongo kujifunza kuuita msuli, nyama yenyewe inajengeka baadaye. Mwambie mapema, la sivyo akipata nafuu wiki ya 3 ataacha, na wiki ya 6 mtakuwa hapa tena.

Sheria ya maumivu kwa zoezi lolote: kati ya 0 na 10 asivuke 3, na kesho asubuhi yawe yameshatulia. Yakibaki mpaka kesho, punguza idadi kwa theluthi, usiache. Nguvu hufanywa siku moja ndiyo, moja hapana. Kunyoosha na kifundo cha mguu kila siku. Kila mara aanze na mguu wa kulia, na mguu huo upate seti moja zaidi mpaka pande zikaribiane.

Wiki ya 1 na 2. Kuinua mguu akiwa amelala ubavu, lakini mgongo na kisigino cha juu viguse ukuta. Kisigino kiteleze juu ukutani, vidole vielekee chini kidogo, sekunde 2 juu, mara 12, seti 3. Ukuta una sababu. Bila ukuta, nyonga inazunguka nyuma, vidole vinatazama dari, na kazi yote inakwenda kwenye ule ule msuli wa mfukoni tunaotaka upumzike. Mtu anafanya mara 100 kwa siku na anazidisha tatizo. Akihisi uchovu mbele ya nyonga amekosea, akiuhisi nyuma-pembeni amepatia. Kisha daraja: alale chali, magoti yamekunjwa, ainue nyonga mara 15, sekunde 3 juu, seti 3. Nyama za nyuma ya paja zikikakamaa, visigino viko mbali, avisogeze karibu na makalio. Kisha ubao wa ubavu kwa magoti (alale ubavu, ajiinue kwa kiwiko na goti, mwili unyooke), sekunde 20, mara 3 kila upande.

Kunyoosha mbele ya nyonga: apige goti la kulia chini juu ya mto, abane kalio la kulia kwanza, ndipo asogee mbele sm 5 tu. Sekunde 30, mara 4. Ukiona amekwenda mbele sana na kiuno kimepinda, hanyooshi nyonga tena, anakiumiza kiuno.

Kifundo: goti kugusa ukuta, mara 15, seti 2, kisigino kisiinuke. Lengo ni kufika sm 10.

Wiki ya 3 hadi ya 5. Daraja kwa mguu mmoja mara 8 hadi 10, seti 3. Kushuka kwenye kimo cha sm 15, na tofali la saruji la inchi 6 likilazwa linatosha, ila lisicheze. Asimame juu kwa mguu wa kulia, ateremshe kisigino cha kushoto mpaka kiguse ardhi kwa sekunde 3, arudi. Mara 8, seti 3. Aweke kioo mbele: goti lifuate kidole cha pili cha mguu. Mara tu linapoingia ndani, seti imekwisha hata kama ni mara ya 4, maana zinazobaki anajifunza kosa. Kisha kutembea kiubavu na mpira. Mpira wa ndani wa baiskeli ukikatwa na kufungwa duara unafaa kabisa. Uwekwe juu kidogo ya magoti mwanzoni, hatua 10 kwenda na 10 kurudi, mara 3, bila kuyumba kiwiliwili.

Wiki ya 6 hadi ya 8. Kuinama kwa mguu mmoja akiwa ameshika dumu la lita 10 lenye maji, yaani kilo 10, mkono wa upande mwingine. Mgongo unyooke, nyonga irudi nyuma, mara 8, seti 3. Dumu likiwa nusu maji yanachezacheza na kumyumbisha, kwa hiyo ama lijae au achukue dumu dogo lililojaa. Kuchuchumaa mguu mmoja mbele mwingine nyuma, mara 8, seti 3. Wiki ya 7 anza kuruka kwa mguu mmoja, mara 10, seti 2, atue bila kishindo.

Kipimo cha kumaliza ni kile kile cha mwanzo. Kwenye kuinua mguu akilala ubavu, kulia afike angalau mara 19 pale ambapo kushoto anafika 21, na goti lisiingie ndani kwenye kuchuchumaa mara 5 mfululizo.

---

Miguu_Mepesi

Mimi nawashauri wakimbiaji wakalie mpira wa tenisi dakika 10 kila siku, upande wa kalio linalouma, kisha wasuguze nje ya paja kwa chupa ya maji. Huyu naye si angefaidika?

---

Fizio_Moshi

Ndugu, kwa mtu anayeumia akikaa, dakika 10 za kukalia mpira ni kuukandamiza mshipa wa fahamu ule ule unaolalamika. Sekunde 30 hadi 60 kwenye kifundo kimoja zinatosha, na akihisi shoti au ganzi ikishuka mguuni, aondoe mpira mara moja. Nje ya paja utepe wenyewe ni mgumu mno kurefushwa kwa chupa. Na pale karibu na goti, usiguse: panauma kwa sababu tayari panabanwa. Chupa iishie juu ya katikati ya paja, na faida yake ni ndogo.

Kinachomfaa zaidi kwa kalio ni kuinuka kila dakika 30 kazini, hata kwa dakika 2 tu, na kiti kilichoinuliwa mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti.

---

Uti_na_Nyonga (kairopraktiki, Mombasa)

Kabla hatujafunga, Kocha, hujasema anakimbilia wapi. Lami zetu zimeinuka katikati ili maji yatoke. Mtu anayetazamana na magari, kama inavyopasa, yuko upande wake wa kulia wa barabara, na mguu wake wa kulia unakanyaga chini zaidi kila hatua, kilomita zote. Nyonga inashuka upande huo na utepe wa nje unavutika. Kwa mkimbiaji mwenye nyonga dhaifu ya kulia hilo peke yake linaweza kurudisha maumivu kila wiki hata tukimrekebisha vizuri kiasi gani.

Simwambii akimbie magari yakitokea nyuma yake. Aende kwenye barabara ya vumbi iliyo tambarare au uwanjani, na uwanjani abadilishe mwelekeo kila baada ya mizunguko 4. Ufukweni pana mwinamo ule ule wa lami, tena mkali zaidi, isipokuwa maji yakiwa yametoka sana na mchanga ukawa bapa.

---

Kocha_wa_Mbio_Dar

Daktari, umegusa penyewe. Anakimbia lami, kwenda na kurudi, na kila mara anatazamana na magari. Na kifundo cha kulia alikitegua miaka mitatu iliyopita, akafunga bandeji wiki moja, basi.

Kilomita nizipange vipi?

---

Nguvu_Kwanza_Arusha

Maumivu yanaanza kilomita ya 6, kwa hiyo aanze na km 4 tambarare, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 2, huku siku moja akiendesha baiskeli au kuogelea. Akimaliza wiki bila kuvuka 2 kati ya 10, aongeze km 1 kwa kila mbio. Mteremko urudi wa mwisho, baada ya kufika km 10 bila maumivu. Hesabu hatua zake kwa dakika. Kama ni 160, mpeleke 168 kwa mdundo wa metronomu ya simu, kasi ile ile. Hatua fupi hupunguza mzigo wa goti na nyonga, na mguu hautui mbali mbele ya mwili. Dakika 1 kwa mdundo, dakika 2 bila, mpaka azoee.

Kama mashindano yako chini ya wiki 9 kutoka leo, mpe ile mbio fupi ya kilomita 5 mwaka huu.

---

Dereva_Tunduma

Samahani kuingilia. Kwa dereva wa lori, mguu wa kushoto wa klachi, mambo ni hayo hayo? Safari ni saa 10 hadi 12. Kigimbi cha kushoto kinauma siku ya tatu sasa na kimevimba kidogo. Kuna mkandaji hapa anasema atakinyoosha.

---

Fizio_Moshi

Ndugu dereva, usikandwe, usirekebishwe, usifanye zoezi lolote kwa sasa. Kigimbi kimoja kuvimba na kuuma baada ya safari ndefu ya kukaa kinaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kipande kikisukumwa kikapanda mapafuni, kinaua. Chukua futi: tafuta nundu ya mfupa chini ya goti, shuka sm 10, pima mzingo wa miguu yote miwili. Kushoto kukizidi kulia kwa zaidi ya sm 3, shaka ni kubwa. Hata kama haizidi, kwa dalili hizo nenda hospitali leo yenye kipimo cha altrasaundi, uwaambie wazi: safari ya saa 12, mguu mmoja, siku ya tatu. Ukihisi kifua kubana, pumzi kukata au ukikohoa damu, usiendeshe gari mwenyewe kwenda huko.

Mambo ya klachi na kiti tutayazungumza ukisharudi na majibu.